Kuzaa nyumbani kwa 3,500: hesabu kamili ya mzazi mmoja wa kisiwa cha Pate

Familia hii ilipanga kuzaa kwa shilingi 3,500. Mambo yalipokwisha walikuwa wametoa 38,100, na hiyo ni ile ya kuhesabika tu, kuna deni la tajiri, yule mnunuzi wa samaki, ambalo mume analipa kwa kilo za kamba wa baharini mpaka leo. Naandika kwa ruhusa yao, majina sitaji na kijiji sitaji, kisiwa cha Pate chote tunajuana ukitaja mtaa ushataja mtu. Mimi ndo naweka daftari la chama cha wanawake pale kwetu, na hesabu hizi tulikaa tukaziandika pamoja, mzazi mwenyewe na mumewe na mavyaa, yaani mamake mume, kitu kwa kitu, manake nimechoka kusikia watu wa semina wakija kutwambia wanawake wa visiwani wanazaa nyumbani kwa kutojua. Wanajua sana. Nataka watu waone pesa ilivokwenda.

Mzazi huyu ana miaka thelathini na kitu, mimba ilikuwa ya tano, wanne wa mwanzo wote alizalia nyumbani, akizalishwa na mkunga wa kienyeji huyo huyo mmoja, na wote wako wazima wanakwenda chuo cha Kurani na skuli. Kliniki alihudhuria. Nesi alimwandikia kabisa kwenye kitabu cha mama na mtoto kwamba huyu azalie hospitali, kwa sababu damu yake iko chini na kwa sababu ni mtoto wa tano. Tumbo la uzazi likishabeba mara nyingi huwa limelegea, mtoto akitoka halijikazi kama linavotakiwa, na lisipojikaza ile mishipa pale kondo la nyuma lilipokuwa limeshika inabaki wazi inamwaga. Mwanamke mwenye damu ya kutosha anaweza akapoteza nusu lita akahisi kizunguzungu akapona, lakini huyu alianza safari akiwa ameshapungukiwa. Haya yote aliambiwa, na mumewe aliambiwa.

Basi wakakaa kupiga hesabu ya kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, na hapa ndo watu wa bara hawaelewi. Ilikuwa mwezi wa sita, katikati ya kusi, ule msimu wa upepo wa kusini bahari ikichafuka. Zahanati iliyo karibu mchana ina mtu, usiku hakuna anayelala pale. Kwa mzazi ambaye pengine atahitaji kuongezwa damu au kupasuliwa wao walikuwa wakifikiria hospitali kubwa ya Amu, na kufika Amu ni boda mpaka gati ya Mtangawanda, alafu boti kupitia Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara. Mkanda una maji yake. Yakijaa unapita, yakipwa hasa siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, unakaa ukingoja, na ukitaka kuzunguka nje ya Manda kwenye bahari kuu wakati wa kusi na usiku hakuna nahodha mwenye akili atakayekubali. Sasa uchungu haungoji maji. Kwa hivo mzazi hawezi kusema nitaondoka uchungu ukinianza, inabidi aende wiki mbili tatu kabla, akae kwa watu, asubiri.

Hesabu ya kwenda kusubiri ilitoka hivi. Nauli za watu wawili kwenda na kurudi, yeye na mavyaa, 2,000. Chakula cha wiki tatu, hata ukikaa kwa jamaa huwezi kula cha mtu wiki tatu mikono mitupu, 7,000. Vitu vya kujifungulia, pamba na beseni na glavu na leso na sabuni, 1,800. Kitu cha mkononi cha kumpa mwenyeji ukiondoka, 1,500. Mkunga wa kumkanda siku arobaini akirudi, 2,000. Alafu SHA, ile bima ya afya ya serikali, 3,600. Jumla 17,900.

Hiyo ya SHA nataka niisimamie kidogo. Kuanzia Juni 2013 serikali ilisema kuzaa hospitali za umma ni bure, baadaye ikaja Linda Mama chini ya NHIF, bima ya serikali ya zamani, mama alikuwa anajiandikisha kwa kitambulisho basi, hatoi kitu. Oktoba 2024 NHIF ikaondoka ikaingia SHA. Huku hospitali inalipwa 10,000 kwa mzazi aliyezaa kawaida na 30,000 kwa aliyepasuliwa, vizuri, lakini ili ulipiwe lazima uwe umeshachangia, na mtu asiyekuwa na mshahara anapimwa mapato ya nyumba yake anakatiwa asilimia 2.75, cha chini kabisa 300 kwa mwezi, na anatakiwa alipe mwaka mzima kwa mpigo. Yaani 3,600 mkononi. Mvuvi mwezi wa sita hana 3,600 mkononi. Kamba wanapatikana vizuri kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, bahari ikitulia na maji yakiwa maangavu, pesa ya kaskazi ndo inayolisha kusi, na ikifika Juni ile pesa ishakwisha, mashua iko juu inatiwa kalafati, nyumba inaishi kwa mahamri na viazi vya karai vya mavyaa na kofia anazoshona mke. Na huyo mavyaa ndo wa kumpeleka mzazi Amu, kwa hivo ukimuondoa yeye wiki tatu umeondoa na mahamri, na watoto wanne nani anawapikia. Hiyo hatukuitia bei lakini wao walikuwa nayo kichwani.

Upande wa pili, kuzaa nyumbani. Mkunga 2,000 pamoja na kukanda siku arobaini, leso moja, sabuni, wembe na uzi, uji wa pilipili manga wa siku za mwanzo. 3,500 yote.

Tofauti ni 14,400. Mume aliniambia maneno haya, "Dada, mimi 14,000 wakati ule hata ningeuza nyavu nisingeipata, na nikiuza nyavu nitavua na nini." Na mke alikuwa na lake, alisema wanne wamepita salama kwa nini wa tano asipite. Mavyaa ndo aliyekuwa na wasiwasi zaidi ya wote, watu hudhani ni wazee wanaowazuia wake za watoto wao, hapa mzee ndo alitaka kwenda.

Siku yenyewe ilikuwa bamvua. Kwetu siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi jioni yakapwa kama saa nne usiku, alafu yanarudi kujaa alfajiri. Mtoto alitoka wakati wa magharibi, wa kiume, akalia, hakuna tatizo. Kondo likatoka baada ya muda lakini mkunga alilitazama kwa tochi hakuridhika nalo, aliona kama halikukamilika. Saa moja na nusu damu ilikuwa imeshalowesha leso tatu. Mkunga hakujifanya. Alikanda tumbo kwa mkono mmoja, akamuweka mtoto kwenye titi manake mtoto akinyonya tumbo la uzazi hujikaza, na huku anamwambia yule mume, "Baba, hapa mimi sina langu tena, tafuta chombo."

Mwanamke anayemwaga damu baada ya kuzaa, akiachwa bila kufanyiwa kitu, kifo kinaweza kumjia ndani ya kama saa mbili. Maji ya bahari kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa sita. Weka hizo mbili pamoja ufikirie mtu wa Pate yuko wapi. Boti ya wagonjwa ilipigiwa simu, ilikuwa safarini na mgonjwa mwingine. Nahodha wa boti ya spidi akapatikana Mtangawanda, bei yake 18,000, pesa mbele. Watu walimlaani baadae lakini mimi sikumlaani, petroli ya kwenda na kurudi peke yake inakula karibu nusu ya hiyo, na injini yake ndo maisha yake akigonga mwamba usiku nani atamlipa. Lakini hata yeye alisema wazi, hatoki mpaka maji yaanze kurudi, Mkanda hapitiki saa hiyo. Kwa hivo hata ungempa 50,000 usingeondoka.

Kilichomuokoa mzazi ule muda wa kungoja ilikuwa nesi mmoja anayekaa kijiji cha pili, alipigiwa simu akaja kwa boda na kibaridi kidogo chenye sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, na chupa mbili za dripu. Alipiga sindano yuniti kumi, akafunga dripu, damu ikapungua sana ingawa haikukata, na isingekata kwa sababu kipande cha kondo kilikuwa bado ndani. Boda ya nesi ilikuwa 400. Hiyo 400 ndo pesa iliyofanya kazi kubwa kuliko zote katika kisa hiki na kwenye semina hakuna anayeitaja. Oksitosini lazima ikae kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8, kijiji kisicho na stimu ya uhakika haikai. Kuna vidonge vya misoprostoli ambavyo havihitaji friji, Shirika la Afya Duniani liliviingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa kuzuia damu baada ya kuzaa mwaka 2011, na vinakusudiwa hasa pale ambapo sindano haipatikani. Vikiwa mkononi mwa mhudumu aliyefundishwa, akahakikisha kwanza hakuna pacha ndani, ni kitu cha pesa kidogo mno ukilinganisha na spidi ya 18,000.

Walitoka Mtangawanda kama saa saba usiku, mawimbi ya kusi yanawapiga mpaka walipoingia ndani ya Mkanda, na Amu wakafika saa nane imepita. Hospitali walimpokea vizuri, kipande kikatolewa, akaongezwa damu, na shemeji zake wawili wa Amu wakaitwa usiku ule ule wakatoa damu. Mji wa uzazi haukukatwa. Alhamdulillahi yuko hai na mtoto yuko hai na anatambaa sasa.

Sasa malipo. 3,500 za mwanzo zilikuwa zimeshatoka. Boda ya nesi 400 na petroli ya gari la jirani mpaka Mtangawanda 600. Spidi 18,000. SHA 3,600 ile ile waliyoikimbia, walilipa wakiwa wodini ili bili isiwapande. Dawa zilizokuwa hazipo dirishani zikanunuliwa nje, 4,200. Chakula cha wasindikizaji siku walizokaa, 6,000. Kurudi nyumbani 1,800. Ndo 38,100.

Na ile 18,000 ilitoka kwa tajiri. Kwa wasiojua, tajiri kwetu ni yule anayenunua kamba na pweza kwa wavuvi, ndo anayekukopesha nyavu na mafuta, na ukikopa kwake humuuzii mwengine. Mume alimpigia saa mbili usiku, "Ami nisaidie mke wangu anakufa," na pesa ikaingia kwenye simu dakika ile ile, hilo lazima lisemwe kwa haki yake, hakuuliza mara mbili. Riba hakuna sisi ni Waislamu, lakini makubaliano ni kwamba mpaka deni liishe kila kilo ya kamba anapewa bei ya chini kwa mia mbili, na ile mia mbili haihesabiwi kwenye deni. Tangu kaskazi ianze ameshapeleka kilo 45. Hiyo ni 9,000 iliyokwenda, na deni lenyewe bado limebaki 6,000. Mke naye alikaa zaidi ya miezi miwili hawezi kushika kofia, damu kidogo macho yanaona giza, na kofia ya vito nzuri inachukua wiki nyingi na ndo akiba ya nyumba. Hiyo nayo haimo kwenye 38,100.

Mtu akisoma hapa atasema unaona basi, nyumbani ndo ghali, wangeenda Amu na 17,900 wangekuwa salama. Nilisema hivo hivo mpaka nilipokaa na daftari. Fuata hesabu. Kwenda Amu kunaongeza 14,400 kila mimba, kuna shida hakuna shida. Kubaki nyumbani kunaongeza 34,600 ukipata shida, tia na ile 9,000 ya tajiri iwe 43,600, lakini ni ukipata shida tu. Ili Amu iwe rahisi kwa pesa, itabidi mzazi mmoja katika kila watatu apate balaa kama hili. Na haiko hivo. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake kama milioni 14 kwa mwaka duniani hupata kumwaga damu nyingi baada ya kuzaa, ni kama mmoja katika kumi, na wengi kati ya hao hawafikii hali ya spidi ya usiku. Kwa hivo kwa pesa tupu ile familia ilipiga hesabu sawa! Mara nne walibaki nyumbani na mara nne walibaki na pesa yao. Mtu akija na bango la kuwaambia watumie akili anawatukana, akili wameitumia.

Kisichokuwemo kwenye ile hesabu ni yeye mwenyewe mama. Sensa ya 2019 ilitoa kwamba Kenya wanakufa wanawake 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na damu ni katika sababu kubwa kabisa. Huwezi kuandika mama wa watoto watano kwenye safu ya shilingi. Na kwa sababu haandikiki, familia maskini inalazimika kuamua kwa vile vinavyoandikika, nauli, unga, sukari, mahamri yaliyolala. Wataalamu wawili Thaddeus na Maine waliandika mwaka 1994 juu ya ucheleweshaji wa aina tatu, wa kuamua, wa kufika na wa kuhudumiwa, na watu hulitumia lile kana kwamba kuamua ni kosa la nyumbani na kufika ni la serikali. Wao wenyewe walionyesha kwamba umbali na gharama huingia mpaka kwenye kule kuamua. Hapa kwetu ndo hasa, hawa walichelewa kuamua kwa sababu kufika ni ghali, toa ile gharama ya kufika uone kama wataamua vingine.

Tizama tena pesa ilivokaa. SHA inalipa 10,000 ya kitanda. Kwenye zile 17,900 za familia, ukitoa ile 3,600 ya SHA, kitanda hakimo, kwa familia kitanda kilishakuwa kama cha bure, sehemu kubwa ya iliyobaki ni bahari na kungoja, 10,500 ni nauli na chakula na mwenyeji. Pesa ya umma yote imewekwa kitandani na gharama ya mtu wa kisiwani iko majini. Ikiwa Amu kutakuwa na nyumba ya kusubiria karibu na hospitali, yenye jiko na mahali pa kulala mzazi na mtu wake mmoja, chakula kikipikwa pamoja, sehemu kubwa ya ile 10,500 inaondoka. Si jambo geni, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyumba kama hizo mwaka 2015 kwa mahali ambapo hospitali haifikiki kirahisi, na sijui pengine pasipofikika kama kijiji chenye mlango mmoja wa bahari unaofungwa mara mbili kwa siku.

Na mkunga. Wengi hudhani mkunga anawazuia watu kwa sababu ya riziki yake. Nilimuuliza, bi mkubwa huyu ana zaidi ya miaka sabini, usiku mmoja wa kuzalisha unakupa nini? Akanijibu usiku haunipi kitu mwanangu, usiku ni wa Mungu, mimi nalipwa arobaini. Kweli ukiangalia zile 2,000, kazi yake ni siku arobaini za kukanda mwili, kumfunga mzazi tumbo, kumuosha mtoto, na kula kwa mzazi. Kazi hiyo haiondoki hata mzazi akizalia Amu, ndo maana imo kwenye hesabu zote mbili. Kwa hivo mkunga akimsindikiza mzazi hospitali hapotezi chochote isipokuwa nauli na siku zake, na akilipiwa hivo viwili atakuwa wa kwanza kusema twendeni, na neno lake linasikizwa kuliko la yeyote nyumba ile.

Kuna kidogo cha karatasi ya kuzaliwa pia. Aliyezaliwa hospitali anaandikiwa pale pale, aliyezaliwa nyumbani anafuatwa kwa naibu wa chifu, na ikipita miezi sita unaingia kwenye kuchelewa na karatasi zinaongezeka. Sisi Waamu na Wabajuni tunajua baadae kitambulisho kikianza kuulizwa ile karatasi ina thamani gani. Huyu mtoto wa kisa chetu amepata yake, walimfuata naibu wiki ile waliyorudi.

Chamani tumeanza hivi. Kila mwanachama anatoa 50 kwa wiki kwenye mfuko wa chombo, mwenye mimba ikifika miezi saba tunamlipia SHA kwa mkopo usiokuwa na nyongeza, arudishe kaskazi, sio kusi, hilo tulilibishana sana na tukakubaliana kwamba marejesho yafuate bahari. Nambari ya yule nesi imeandikwa kwenye ukuta wa kila nyumba yenye mimba, na 400 ya boda yake inakaa mkononi kwa mweka hazina, haiguswi kwa kitu kingine. Tarehe za bamvua tunaziandika kwa kila mzazi kwenye wiki zake za mwisho, anayeangukia bamvua ndo wa kwanza kupelekwa Amu mapema. Tumezungumza na nahodha pia. Safari ya mchana amekubali 9,000, tumelipa nusu kama amana na ameandika kwa mkono wake. Ya usiku amekataa kutaja bei mpaka aone hali ya bahari, na hapo bado hatujaelewana.